Baba Yako na Dirisha Lake

Matlock, 7 Januari 1979

Mwanangu Beryl,

Habari za huko Australia? Sisi hatujambo, ila baba yako. Kifua hakijamwachia tangu Krismasi. Juzi nilimkuta kitandani anatetemeka, dirisha lake wazi kama kawaida, theluji imeingia mpaka kwenye zulia. Nilipotaka kulifunga akasema, "Doris, mimi si nesh."

Unamjua. Aliyevaa glavu ni nesh, anayesogelea moto ni nesh, hata paka ni nesh. Daktari anataka chumba kiwe na joto. Mimi hanisikilizi. Labda wewe.

Mama yako

Perth, 21 Januari 1979

Mama mpenzi,

Salamu nyingi kwenu, na pole kwa kuuguza.

Huku neno hilo hawalijui. Nilimwambia jirani yangu kwamba Baba hataki kuitwa nesh, akauliza huo ni ugonjwa gani. Nikamweleza: ni mtu anayesikia baridi upesi kuliko wenzake. Lililobaki sikuweza kumweleza. Baba alikuwa akinipeleka shule, ananiita nesh njia nzima, huku ananizungushia skafu yake shingoni.

Msomee haya: Baba, wewe ni nesh. Nimeshakuita, sasa jifunike.

Mwanao

Matlock, 8 Februari 1979

Mwanangu,

Natumaini u mzima, na kwamba unakula. Telegramu uliipata, haya hayakuenea ndani yake.

Barua yako ilifika Jumanne ya wiki iliyopita, nikamsomea. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Akasema, "Mtoto hana adabu huyu." Baadaye kidogo akasema, "Basi, lifunge."

Nikalifunga. Nikamfunika blanketi mbili, na ile skafu ya kijivu. Akaniambia miguu imepata joto. Alhamisi asubuhi nilimpelekea chai, alikuwa ameshatutoka.

Tumemzika juzi. Upepo ulikuwa mkali, na wenzake wa machimboni wote walisimama kaburini wamevua glavu. Mzee Enoch mikono ilimgeuka buluu, wala hakuitia mfukoni.

Tuliporudi nililifungua lile dirisha, kama alivyopenda. Jana baridi ilinishinda, nikalifunga. Nikasimama pale kidogo, mkono kwenye komeo.

Hakuna aliyeniita nesh.

Mama yako