Baiskeli Yako na Milima ya Mbeya

Kwa mke wangu, Bi Mwanaidi,

Assalamu alaikum. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo nitalieleza. Natumaini nawe hujambo, na kwamba kikohozi cha mama mkwe kimetulia.

Umeandika kwamba mahali usipoweza kupanda baiskeli huhamii, hata kama mume yuko huko. Tangu chuo kiniite kufundisha, nimekula peke yangu kila siku. Jibu la uongo lingekuleta upesi, lakini ungefika ukaona mwenyewe.

Mji huu ni mlima juu ya mlima. Nakumbuka huko Tanga ulivyokuwa ukitoka Ngamiani kwenda sokoni, buibui umelikunja lisinaswe na mnyororo, ukiwaamkia wazee bila kushuka, huku wewe na shoga zako mkienda sambamba mpaka magari yanapiga honi. Hapa sijamwona mwanamke hata mmoja juu ya baiskeli.

Yangu niliileta kwa treni kama ilivyokuwa. Breki zake, unajua, zilikufa miaka ile vipuri vilipoadimika, na Tanga nani alijali? Tulisimama kwa kukanyaga gurudumu kwa kandambili. Basi juzi niliteremka kutoka chuoni kwa desturi hiyo hiyo. Kandambili ilikatika, nikaishia sokoni, ndani ya matenga ya viazi ya mama mmoja.

"We mzee, breki ziko wapi?"

"Kwetu hatuzitumii."

"Basi kwenu hakuna milima, au hakuna akili!"

Soko zima lilicheka. Niliokota viazi vyake kimoja kimoja, goti likivuja damu.

Mipira ya breki imejaa madukani siku hizi, tangu biashara ilipofunguliwa, na fundi amenifungia. Nimejaribu tena. Kuteremka ni raha. Kupanda, mtu hushuka akasukuma, na wenyeji husukuma magunia ya mkaa bila kuona haya. Mlima haukatazi baiskeli, ila huchosha, na kiuno chako nakijua.

Kwa hiyo nimerudisha funguo za nyumba ya chuo iliyo kule juu. Nimepanga vyumba viwili bondeni. Kutoka hapo hadi sokoni na msikitini ni tambarare. Kupanda nitapanda mimi.

Nisalimie mama mkwe, na mdogo wangu Saidi. Jirani yetu mwenye duka, Bwana Karim, umpe salamu, na umwombe akufungie breki zote mbili kabla hujaipakia baiskeli yako kwenye treni, ikiwa utaipakia. Ukiamua kubaki, sitakulaumu, wala sitakuuliza mara ya pili.

Ukumbi wa nyumba ni mwembamba, lakini baiskeli mbili zinaenea. Nimepima.

Ni mimi mumeo,
Mwalimu Hamadi