Kiti cha Kibibi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naandika nikiomba magoti yawe yamekupa nafuu na ile dawa ya kuchua iwe haijaisha, maana najua unavyomgawia kila jirani anayelalamikia mgongo. Mama mdogo ameniambia miwani mipya imekukubali, na kwamba siku hizi unasoma mpaka maandishi ya kwenye pakiti ya chumvi. Nimefurahi, kwa sababu barua hii nataka uisome mwenyewe, usisomewe na mtu. Sisi huku wazima, ila ni uzima wa kujikongoja.

Utajiuliza mtu mwenye simu mfukoni anaandika barua ya nini. Simu inanipa mwanya, Mama. Ukisema "eeh?" tu, mimi nageuza maneno na kuanza kuulizia kuku. Kwenye karatasi sina pa kukimbilia.

Nianze na ajali, kwani kwenye simu nilikumegea kidogo tu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mkweo alikuwa anampeleka Kibibi kununua viatu vya shule, mimi niko gereji nanyoosha mlango wa teksi. Walipofika kwenye makutano yale ya karibu na mashine ya kusaga, pikapu iliyobeba matangi ya maji ilikatika breki ikiteremka mlima. Iliwapiga ubavuni, upande wa dereva, ikawasukuma hadi kwenye nguzo ya umeme. Mkweo alivunjika mtulinga, huo mfupa wa chini ya shingo, na kioo kilimchana mkono. Kibibi alikuwa nyuma, kwenye kiti chake, amefungwa mikanda yake yote. Hakupata hata mchubuko.

Mama mmoja anayeuza mboga pale njiani ndiye aliyefika wa kwanza. Alinisimulia mwenyewe kwamba alivuta ile mikanda mpaka kucha zikamuuma, hajui inafunguliwaje, na moshi wa injini unamtia hofu. Basi mjukuu wako akaacha kulia, akamwambia, "Bonyeza hapo pekundu, kwa nguvu." Yule mama anasema alicheka huku machozi yanamtoka. Mtoto wa miaka minne na nusu anamwelekeza mtu mzima kama karani wa benki. Ndiyo maana tunamwita Kibibi, na wewe unajua amerithi kwa nani.

Nilipofika hospitali, mkweo alikuwa amefungwa bandeji, hawezi kuinua bega. Neno la kwanza aliloniambia halikuhusu maumivu yake. Aliniambia nikupigie wewe kabla hujasikia kwa watu, nikwambie Kibibi ni mzima. Nikakupigia. Uliniuliza hali ya mtoto mara tatu, na kila mara nikakujibu. Mama wa mtoto hukumuulizia. Sisemi haya kukulaumu. Anayestahili lawama hiyo nitakutajia mbele kidogo.

Gari letu lilivutwa mpaka gereji kwetu, na mimi ndiye fundi wa bodi, kwa hiyo likanijia mikononi. Mama, nimenyoosha magari ya watu miaka kumi na miwili. Bati lililokunjwa nalisoma kama wewe unavyosoma joto la mgonjwa. Nililizunguka gari lile mara moja, nikakaa chini juu ya tairi. Mlango wa nyuma uliingia ndani kiasi cha shubiri. Kile kiti cha mtoto kilikuwa kimepasuka ufa mbavuni, na mikanda yake ilivutika hadi nyuzi zikabadilika rangi. Mwenzangu anayepaka rangi aliniomba nimpe akamkalishe mwanawe, akisema ufa huo utazibwa na gundi. Nikamwambia kiti kilichopigwa mara moja kimeshamaliza kazi yake, hata kama kwa macho kinaonekana kizuri. Nikachukua kisu nikaikata mikanda vipande vipande mbele yake, asije mtu akakiokota. Alinuna siku nzima, halafu kesho yake akaja kuniuliza kiti kizima kinapatikana duka gani.

Sasa nirudi siku ile ya mwisho uliyokuwa kwetu, miezi saba iliyopita. Tulikuwa tunakupeleka kliniki ya macho. Ulikaa nyuma na Kibibi, naye akaanza kulia anataka kupakatwa, ukanyoosha mkono umfungue. Mkweo akageuka akasema, "Samahani Mama, mwache afungwe hivyohivyo mpaka tufike." Ukasema mikono hiyo imekaa wodini miaka thelathini na moja, imepokea watoto usiowajua idadi, na hakuna hata mmoja aliyekuponyoka. Na ukamwambia yeye kwamba mwanamke aliyelala usingizi mpaka mtoto akaanguka kitandani na kupasuka kipaji cha uso hana la kukufundisha. Mimi nilikuwa nimeshika usukani, narekebisha kioo ambacho hakikuwa na kasoro yoyote. Asubuhi yake ukapanda basi ukarudi kwako.

Kwanza ujue hili: amri ile haikuwa yake, ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyenunua kiti, na mimi ndiye niliyesema mtoto huyu asipakatwe na mtu yeyote ndani ya gari, awe baba, awe bibi, hata safari iwe ya dukani. Mkweo aliitunza tu. Nami nilimwachia aiseme mbele yako kwa sababu nilikuogopa.

Na sababu ya amri ni hii. Wewe ulikuwa ukiwaambia wanawake wodini, mficha uchi hazai. Basi na mimi leo sifichi.

Kibibi hakuanguka kitandani.

Alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mkweo alikuwa amelala na homa kali, nami nikaona nimpunguzie kelele, nikamchukua mtoto twende kununua mkate. Duka liko kona ya pili. Nilimpakata palepale kwenye usukani, mkono wangu mmoja umemzunguka kifuani, naye ameshika usukani kwa viganja viwili, anacheka. Nilijiona baba wa mfano. Wala sikuwa na mwendo, Mama, hata baiskeli ingenipita. Mbuzi akakatiza, nikakanyaga breki. Nilikuwa nimemshika kwelikweli, nakuapia, mkono huu unaoinua milango ya magari. Alichomoka kama sabuni ya kuogea. Kipaji chake kikagonga usukani, na damu ikajaa machoni asinione.

Nilikimbia naye nyumbani. Nikaingia chumbani, nikainama kando ya kitanda kutafuta kitambaa. Mkweo akazinduka na homa yake, akaniona nimeinama pale na mtoto analia damu inamtoka, akauliza, "Ameanguka kitandani?" Nikasema, "Ndiyo."

Basi. Neno moja hilo. Nilikusudia kulirekebisha daktari akishamaliza kushona. Kisha nikasema kesho. Kisha ukaja wewe ukamwona mtoto ana nyuzi tano, ukamgombeza mkweo, naye akainamisha kichwa akaomba msamaha, na kuanzia pale nikaona ukweli umekuwa mzito kuliko mimi. Ndiyo maana najua, Mama, kwamba siku ile ya macho hatukuidharau mikono yako. Mikono haikuumbwa kushindana na gari. Yangu ilishindwa na mbuzi.

Mkweo nilimwambia hospitali, siku ya tatu. Alikuwa ananisifu, ananishukuru kwa kiti kile, akasema kama nisingekuwa mkali leo tungekuwa tunalia. Nilishindwa kuzipokea shukrani hizo. Nikamweleza yote, mkate na mbuzi na lile neno langu moja. Hakulia wala hakunitukana. Alisema, "Miaka mitatu nalala nimeushika mguu wa mtoto." Nami, Mama, nilikuwa naona kila usiku. Nilikuwa naona mkono wake umeshika kile kifundo kidogo cha mguu, naamka nikiwa nimeuona, nakunywa chai, naenda kazini.

Amesharudi nyumbani. Ananijibu ninapomsemesha, ananiachia chakula, lakini kati yetu pamepita kitu na sijui kitakaa siku ngapi. Sidai kipite haraka. Juzi nilimuuliza anataka nifanye nini, akasema yeye nimeshamwambia, amebaki mmoja. Ndipo nikatafuta karatasi.

Kibibi ana kiti kipya, cha ukubwa unaomfaa sasa, na amekuwa askari. Kaka alipomchukua majuzi, alikataa gari liondoke mpaka mkewe naye afunge mkanda. Anakuulizia kila akiona mtu amevaa miwani.

Nisalimie mama mdogo na yule jirani wa ukuta mmoja, umwambie redio yake nitaiangalia nikija. Nitakuja mwenyewe mwisho wa mwezi, ili unigombeze ana kwa ana, na ukipenda kurudi nami, utakaa nyuma na mjukuu wako, kila mmoja na mkanda wake. Lakini hilo lingoje. Usinijibu mimi kwanza, Mama. Mkweo namba yake ni ileile, na mchana huwa peke yake, mkono umefungwa shingoni, hawezi hata kujisuka. Mpigie yeye. Muulize bega linaendeleaje.

Ni mimi kitindamimba wako,
fundi bodi