Mkia wa Herufi ya Mwisho

Breves, siku ya tatu ya mvua

Dada yangu Iracilda,

Huku sote wazima. Juisi ya matunda ya asai mwaka huu ni nzito, tunaila na kamba na unga wa muhogo mpaka midomo inabaki ya zambarau.

Ile boti kuukuu ya Mzee Benevenuto imetiwa mbao mpya, na jina lake nimelichora upya: Flor do Anajás, herufi nyekundu zenye kivuli cha buluu. Niliposikia mwenyewe anakuja, nikampa Baba brashi, mimi nikashika ufagio. Baba akaubana mkono magotini, usionekane unavyotetemeka.

"Anselmo, wewe huzeeki!" Benevenuto akasema. "Na wewe Doralina, utafagia mpaka lini? Jifunze kazi ya baba yako!"

Baba akacheka. Na mimi nikacheka. Mgeni alipoondoka, Baba akaniambia, "Umeona? Bado wananitaka mimi. Wanaleta boti nyingine tatu." Hakuniangalia usoni.

Umeuliza nitakuja lini Belém. Usiniulize tena, dada. Nikiondoka, kila mtu atajua, na Baba hataiweza aibu hiyo.

Boti inafika huko Ijumaa. Nenda bandarini uitazame herufi ya mwisho ya jina. Baba siku zote huukunja mkia wa herufi hiyo kwa ndani. Huu nimeuacha wazi, umeelekea mtoni. Uguse, halafu uhesabu kwamba nimekuja.

Mdogo wako, mwenye ufagio,
Doralina