Ulimi wa Kuazima

Mtaa wa Izumi,
Ono, Fukui.
4 Desemba.

Mpendwa mdogo wangu Chisato,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Habari za Londrina, na habari za afya yako? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepoa? Osvaldo na watoto, Lijia na Rui, hawajambo? Mimi sijambo, isipokuwa magoti, na hayo nimeshayazoea. Theluji ya kwanza ilianguka juzi, ikayeyuka kabla ya saa sita mchana. Mama yako anatembea, anakula, anagombana na watu kama kawaida yake. Nayasema haya mapema ili uyasome yaliyobaki ukiwa umekaa vizuri.

Unajua kwamba tangu mke wangu Noriko aniache nilikuwa nikiishi kwa tambi za pakiti. Siku moja mama yako, shangazi yangu, alikuja kwangu, akafungua friji, akakuta bia na limau moja lililokauka, akaona aibu kwa niaba ya ukoo mzima. Tangu siku hiyo kila Alhamisi naenda jikoni kwake, mimi na Bi Mutsuko wa nyumba ya pili na wanawake wengine wawili, tunafundishwa kupika. Mwanamume wa miaka hamsini na saba nimefungwa aproni ya maua. Cheka tu, hapa walishacheka wakachoka.

Mwaka wa kwanza alinisema wiki baada ya wiki. Wali wangu ni uji, karoti zangu ni kuni. Kisha kuanzia mwezi wa tatu mwaka huu mambo yakageuka. Akawa ananiita mbele ya wenzangu, ananipa kisahani chenye matone mawili ya mchuzi na kuniuliza kama chumvi imefika. Nikisema bado, anaongeza. Nikisema basi, anaacha. Bi Mutsuko akaanza kununa na kuniita mtoto wa mwalimu. Nami, sikufichi, nilivimba kichwa. Niliamini nimekuwa fundi.

Tarehe kumi na sita Novemba tulifanya kumbukumbu ya mwaka wa tatu ya marehemu baba yako. Ulikosekana, ila hakuna aliyekulaumu, nauli ya kutoka huko tunaijua. Mama yako alikataa kuagiza chakula cha hoteli. Alisema mumewe atakumbukwa kwa chakula cha jiko lake, nasi wanafunzi tutasaidia. Na chakula cha siku ile unakijua: hakiguswi na samaki wala nyama, hata maji ya kuchemshia mboga ni ya mwani na uyoga mkavu. Bi Kiyoe, dada mkubwa wa marehemu, alifika kwa treni ya asubuhi akiwa na macho yale yale ya kutafuta makosa. Yule anaweza kukusamehe ukimwibia, lakini si ukikosea mbele ya altare ya ndugu yake.

Sasa sikiliza. Kwenye friji ya mama yako kuna chupa mbili za umbo moja. Moja ni ya maji ya mwani, nyingine ya maji ya samaki mkavu, ya kupikia siku zote. Hajawahi kuziandika. Hufungua, hunusa, humimina. Bi Mutsuko aliwahi kumshauri abandike karatasi, akajibiwa kwamba jikoni ni mahali pa watu wenye pua.

Kasisi wa hekalu alikuwa ameshavua viatu mlangoni na wageni wanakaa kwenye mito yao sakafuni. Tulikuwa wawili tu jikoni, wenzangu wakiwapokea wageni. Mama yako akanipa kisahani nionje mchuzi wa majimbi. Nikaonja. Ulikuwa mchuzi wa samaki, tena wa kukolea.

Nilikiweka chini kile kisahani. Nikainama juu ya sufuria, harufu ikanipiga usoni, na yeye alikuwa amesimama karibu nayo kuliko mimi. Akaniuliza kama chumvi imefika. Hapo ndipo nilipoelewa, Chisato. Miezi minane yote hakuwa akinifundisha. Alikuwa akiuazima ulimi wangu.

Nikamwambia polepole, "Shangazi, hii ina samaki."

Akasema haiwezekani. Akaichukua ile chupa tupu, akaifungua, akaitia puani. Akavuta pumzi mara mbili, mara tatu. Sijawahi kuuona uso wa mama yako ukiwa hivyo, hata siku ya mazishi.

"Umejua lini?" akaniuliza.

"Sasa hivi."

"Mimi tangu ile homa ya Februari. Sinusi kitu, na mdomoni naona moto na baridi tu." Akaifunika chupa. "Usimwambie mtu."

Kengele ya altare ikalia sebuleni. Yeye ndiye mjane, mahali pake ni mbele ya wote, hakuweza kukawia. Akavua aproni, akanyoosha kimono, akaniambia majimbi mengine yako kwenye kapu nyuma ya mlango, na kasisi wetu husoma kwa dakika arobaini. Kisha akaenda, akaniacha.

Nilimwaga sufuria nzima kwenye ndoo. Nilimenya majimbi kumi na nane huku vidole vinateleza na kuwasha, nikajikata mara mbili. Chupa ya pili niliionja mara tatu kabla ya kuimimina, maana na mimi sikujiamini tena. Sauti ya kasisi ikipanda nilidhani anamaliza. Nilifungua madirisha yote ili harufu ipungue.

Katikati ya hayo mlango ukasogea, akaingia Bi Kiyoe. Alitoka kwenye sala kwa kisingizio cha miguu kufa ganzi. Akanusa hewa.

"Yasutoshi, mbona nasikia harufu ya samaki humu?"

Nikamwambia nimempa paka wa jirani kopo lake.

"Siku ya kumbukumbu ya ndugu yangu unalisha paka samaki jikoni?"

Nikainamisha kichwa mpaka kiunoni, nikaomba radhi. Akanisema kwa sauti ya chini kwa muda mrefu: kwamba si ajabu mke alinikimbia, kwamba shangazi yangu Hatsue ana subira ya ajabu kunivumilia. Niliyapokea yote, nikihofia atafunua ile ndoo. Hakuifunua. Alirudi sebuleni akichechemea.

Majimbi yaliiva kasisi akiwa kwenye mistari ya mwisho. Nilipakua haraka. Mama yako alikaa mbele ya bakuli lake, akatafuna, akameza, akatabasamu kwa wageni, asijue anachokula. Bi Kiyoe alionja, sote tukamtazama. Kisha akasema chumvi imepungua kidogo, lakini huo ni mkono wa Hatsue, angeujua popote. Mama yako akamshukuru. Mimi nilikwenda uani nikaimwaga ile ndoo.

Wakati wa kuosha vyombo mama yako aliniapisha. Alisema ukijua utaacha kazi yako na kuja, au mbaya zaidi, utamwuzia nyumba na kumpeleka kwenye makao ya wazee ambako chakula huletwa kwenye sinia. Niliapa. Nilikusudia kulishika neno langu.

Lakini Jumatano iliyopita nilipita kwake nikakuta moshi unatoka dirishani. Maharage yalikuwa yameungua, sufuria imekuwa nyekundu chini, na jiko lenu lile la zamani bado linawaka. Yeye alikuwa chumba cha pili, mlango umefungwa, anamenya matunda ya persimoni ya kuanika, na anaimba. Kama ningepitia kwanza dukani, nisingekuwa naandika barua ya namna hii. Nimeogopa, Chisato. Bado naogopa nikilala.

Jana nikamwambia usoni kwamba navunja kiapo, nakuandikia. Nilitegemea kurushiwa upawa. Aliendelea kuosha mchele, akabadilisha maji mara nne. Daktari wake, aliyemwendea kwa siri, anasema huenda pua isirudi tena, na hilo nimeona ulijue pia.

Watu wote huku wanakusalimu: Bi Mutsuko, kasisi, hata Bi Kiyoe, ambaye hajui lolote na tuombe abaki hivyo. Nisalimie Osvaldo, wabusu Lijia na Rui. Mbingu ziwalinde nyote na ziwape afya.

Sasa nakuandikia alichosema alipomaliza kuosha mchele, neno kwa neno, kwa sababu alinisimamia nikakiandika kwenye karatasi.

"Mwambie simwiti aje kunitunza. Ninyi wote hapa mna adabu, mnakula na kusema kitamu, sitajua kamwe. Lakini Chisato tangu mtoto hajaweza kuficha uso wake akila. Mwambie aje mara moja tu. Nimpikie, nimtazame."

Mimi ndugu yako, nikupendaye kila siku,

Yasutoshi