Sataranji ya Shemeji Jok

Gudele,
Juba, Sudan Kusini.
12 Oktoba 2025

Mpendwa dada yangu Nyandeng,

Salaam nyingi kutoka kwa mdogo wako. Habari za Eldoret na hiyo baridi yenu? Goti lako je? Natumaini unalikanda kwa maji ya moto, si kulisimulia tu kwa kila anayepita mlangoni. Shemeji Bona hajambo? Aleer na Nyibol wazima? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mvua bado zinanyesha, barabara ya kwetu ni matope matupu, na wiki iliyopita malaria ilinilaza, lakini sasa nimerudi kazini Atlabara kwenye fotokopi zangu.

Utashangaa kuona karatasi. Tangu tutoke kambini Kakuma hatujaandikiana barua, na mwandiko wangu umeharibika kwa sababu siku hizi nachapa tu. Hii nampa Scovia, yule Mganda anayeuza nguo sokoni. Anasafiri kesho kwenda Kampala, na ataituma akiwa huko. Nakuomba uisome ukiwa peke yako, na usinijibu kwa simu hata kidogo. Ni habari ya binti yangu Ayen. Nitaifikia, ila kwanza nikujibu ulichoniuliza kuhusu mchezo, kwa sababu bila mchezo hutanielewa.

Katika ule ujumbe wako wa sauti ulisema Ayen ameleta nyumbani kibao kutoka shuleni, anakubembeleza ucheze naye, na wewe unaogopa ni kamari. Dada, wewe unaona kamari hata kwenye ludo! Huo mchezo unaitwa sataranji, watoto wa huko wanasema chesi, na hakuna bahati ndani yake. Hakuna dadu wala karata. Kila kitu kiko wazi mbele ya macho ya wote wawili, na bado mtu anashikwa. Hilo ndilo linalonitisha mimi.

Kibao kina vyumba sitini na vinne, vyeupe na vyeusi kwa zamu, nane kwa nane. Mkiweka kibao, chumba cha pembeni mkono wako wa kulia kiwe cheupe. Kila mchezaji ana kete kumi na sita, na mwenye nyeupe ndiye anayeanza. Mstari wa nyuma wanakaa wakubwa: ngome pembeni, kisha farasi, kisha askofu, huku na huku. Katikati wanabaki mfalme na malkia. Malkia hukaa kwenye chumba cha rangi yake, huwezi kukosea. Mbele yao wanasimama askari wanane.

Ngome hutembea mstari ulionyooka, mbele, nyuma au pembeni, mbali kadiri njia ilivyo wazi. Askofu hukata mshazari, kwa hiyo aliyeanza kwenye weupe hufia kwenye weupe. Malkia hufanya ya wote wawili, na ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Farasi ana wazimu wake: vyumba viwili mbele halafu kimoja pembeni, na yeye peke yake huruka vichwa vya wenzake. Mfalme anasogea chumba kimoja tu, upande wowote. Ukitua kwenye chumba cha adui, umemla, na kete yake inatoka nje.

Askari anakwenda mbele chumba kimoja, au viwili kama ndiyo mara yake ya kwanza kutoka. Lakini hali kwa mbele, anakula kwa mshazari. Na harudi nyuma kamwe. Akifika mwisho wa kibao anageuzwa kuwa kete kubwa, mara nyingi malkia. Wewe utawapenda hao, najua, wewe mtu wa kuonea wanyonge huruma.

Aliyenifundisha yote haya ni shemeji Jok. Unamjua kwa jina na kwa yale maombi marefu aliyoomba kwenye matanga ya Matiya, Mungu amrehemu mume wangu. Alijifunza sataranji Khartoum, na marafiki aliokuwa akicheza nao wametawanyika. Tangu ahamie kiwanja chetu ananiita barazani Jumapili baada ya kanisa, anaweka kibao juu ya kreti ya soda, tunacheza. Ngome yake moja ilipotea, amesimamisha kibetri cha redio mahali pake. Ni mtu mpole, Nyandeng. Hajawahi kunipandishia sauti. Sukari ikiisha ananunua kabla sijasema. Ndiyo maana nilichelewa kuona.

Sasa sikiliza jinsi mchezo unavyoisha. Mfalme haliwi. Ukimtishia, yaani kete yako ikiwa imemwelekea, unasema cheki, na mwenzako lazima amtoe hatarini hapo hapo. Ana njia tatu: amhamishe, aweke kete katikati imkinge, au amle anayetisha. Akikosa zote tatu, basi, umemfunga, mchezo umekwisha. Mfalme bado amesimama kwenye chumba chake, mzima kabisa, ila hana pa kwenda. Kama hajatishiwa lakini mwenyewe hana pa kusogeza kete yoyote, hiyo ni sare. Jok hapendi sare.

Kuna ruhusa moja ya kumficha mfalme. Kama yeye na ngome hawajatembea bado, na katikati yao ni wazi, na hakuna adui anayemwelekea wala anayelenga vyumba atakavyopita, mfalme anasogea vyumba viwili kuelekea ngome, na ngome inamruka inakaa upande wake wa pili. Fanya hivyo mapema. Wanaoanza husahau, wanakimbilia kula.

Mwezi wa nane walikuja wageni watatu kutoka nyumbani, wazee wa fimbo, viatu vyao safi kuliko barabara yetu. Jok alichinja mbuzi. Nilipika, nikapeleka maji ya kunawa, nikarudi jikoni kama inavyotakiwa. Jioni Robinah, jirani Mganda anayekaanga chapati hapo getini, akaniita pembeni. Alisema, "Mama Ayen, ile wazee iko nauliza mimi kwa Kiarabu, mtoto yako iko darasa gani, nakuja lini. Mimi nasema sijui. Moja nasema ameona picha kwa simu, mtoto iko mrefu kama baba yake. Sasa wanacheka, wanafurahi sana." Unajua kwetu urefu wa msichana unapimwa kwa ng'ombe wa mahari. Nilirudi jikoni na sinia langu.

Nilimuuliza Jok Jumapili iliyofuata, kwa upole wake mwenyewe. Akacheka kidogo. Akasema mtoto anasoma, nani ametaja ndoa, mafi muskila, Teresina, hakuna shida, zamu yako. Basi nikacheza. Akaniuliza kama anayepitisha muda: shule za Kenya zinafunga lini? Basi la Eldoret siku hizi linapitia Kampala au Lodwar? Dada yako akisafiri huwa anakuja na watoto? Kila swali aliliuliza macho yakiwa kwenye kibao.

Siku hiyo nilikuwa namshinda, kwa mara ya kwanza. Mfalme wangu nilimficha vizuri, amejibanza nyuma ya askari wake, na ngome yangu inalinda mstari wa nyumbani. Jok akamleta malkia wake hadi katikati, akamwacha hapo, hana mlinzi. Nilidhani amesahau. Nikatoka na ngome yangu nikamla. Akasogeza kile kibetri cha redio polepole hadi kwenye mstari wangu wa nyuma, akaniambia kalas, imekwisha. Mfalme wangu hakuwa na njia. Askari wake mwenyewe walikuwa wamemzibia.

Akanipangia kete upya na kunieleza, maana yeye ni mwalimu mzuri. "Teresina," akasema, "wewe unaangalia ninachokupa. Huangalii unachokiacha." Nililala na maneno hayo siku nyingi.

Sasa lile lingine ulilouliza kwenye ujumbe wako. Ulisema umepata maandishi yangu kwamba Ayen apigwe picha ndogo za hati ya kusafiria, ukaniuliza mbona haraka. Nyandeng, mimi sijaandika hivyo. Sola yangu imekufa tangu Agosti na simu yangu huchajiwa chumbani kwa Jok. Kila jioni iko kwake. Ujumbe wako niliusikia kazini nikiwa nimevaa zile waya za masikioni, nikaufuta. Sijamwambia kitu. Namkabidhi simu jioni kama kawaida, nasema asante.

Na kuna jambo la wiki iliyopita. Nilipolala na malaria, nesi wa mtaani alinitundikia dripu kwenye msumari wa dirisha. Jok alikaa nami mchana kutwa, alinipepea kwa gazeti, alinilisha uji. Halafu akasimama mlangoni akanipiga picha. Nilimuuliza ya nini, akasema ya kumbukumbu, nikipona tucheke. Hakumtumia mtu. Nimeuliza ndugu wote, hata wale wasioweza kufunga midomo, hakuna aliyeipata. Ameiweka tu.

Unaelewa sasa? Sisi watu wetu hatutangazi kifo kwenye simu. Tunasema fulani anaumwa kidogo, njooni. Unakumbuka tulivyoambiwa baba ana homa kidogo. Wewe hukuuliza neno la pili, ulibeba watoto wote, hata Nyibol wa kunyonya, ukapanda basi la kwanza, na kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Kila mmoja wetu angefanya hivyo. Siku picha yangu na dripu itakapokufikia na maneno mawili chini yake, utajua moyoni kwamba nimekufa na wanakuficha. Utamfunga Ayen kitambaa kichwani na mtakuwa njiani kabla chai haijapoa. Na barazani mtanikuta mimi nimekaa, mzima, na wale wazee wa fimbo wamekaa, na ng'ombe wameshakubaliwa.

Utauliza kwa nini nisiende kwa wazee wetu. Kwa mila Ayen ni wa ukoo wa baba yake, na kaka wa marehemu ndiye mwenye neno. Watanikaribisha, watanipa kiti, watanisikiliza vizuri sana, halafu watamuuliza Jok. Mimi nikiondoka hapa atajua nimejua, na atakuja huko mwenyewe na barua zake za ukoo. Kwa hiyo nabaki. Nacheza naye Jumapili, nashindwa. Nikiwa mbele ya macho yake, anadhani bado ana muda.

Basi nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu kigumu hivi. Shule ikifunga, Ayen asikae kwako. Mpeleke kwa mtu wa kanisa lenu ambaye Jok hamjui hata jina, na mimi usiniambie ni nani. Mweleze ukweli wote, ana miaka kumi na sita, atauweza. Hizo picha ndogo usizitume. Ukisikia naumwa, usimlete. Ukinisikia kwa sauti yangu mwenyewe nikilia na kukuita uje naye, usimlete, maana hujui nani ameketi kando yangu. Mimi nitalia vizuri, hata wewe utaamini.

Nami naweza kufa kweli, Nyandeng. Hapa watu wanakufa kwa malaria, kwa pikipiki, kwa risasi ya mtu mwingine. Siku hiyo ikifika maneno yatakayokuja yatakuwa yale yale, na picha itakuwa ile ile, na hutakuwa na namna ya kutofautisha. Usijaribu kutofautisha. Njoo wewe peke yako ukitaka, au usije. Nizikwe bila mtoto wangu. Watu watasema ni binti gani huyu asiyemzika mama yake, na wewe utawaacha waseme. Mwambie Ayen kwamba mimi nimemkataza, kwa mkono wangu, nikiwa na akili zangu, na kwamba hilo ndilo penzi langu lote kwake.

Cheza naye huo mchezo. Usiogope kushindwa na mtoto, wewe umezoea kushinda kwa kelele tu. Nisalimie shemeji Bona, mwambie dawa ya presha si ya kunywa siku za sikukuu peke yake. Nisalimie Aleer na Nyibol, na mama Jovia wa kwaya aliyenipa kile kitenge. Mungu awafunike nyumba nzima, awape usingizi, na asiruhusu mguu mbaya ukanyage kizingiti chenu.

Ukimaliza kusoma, choma.

Mdogo wako anayekupenda, ambaye Jumapili hii ya leo ni mzima kabisa, na kuanzia kesho usiamini lolote utakaloambiwa juu yake,

Teresina