Kigari Kilichoingia Shamba la Pamba

Shangazi mpenzi, shikamoo.

Huku Shinyanga vumbi limenijaa hadi kwenye kope, ila sijambo. Leo ilikuwa fainali ya vile vigari tunavyounda wanafunzi wa vyuo kwa injini za pampu ya maji. Nilikuwa mbele ya timu ya Kampala mpaka mnyororo ulipochomoka, nikaingia shamba la pamba. Mama mmoja mtazamaji, Mama Shija wa kijiji cha Didia, akaja mbio kunisukuma.

"Usiguse, mama! Nikisaidiwa tunatolewa!"

Akabaki ameinua mikono. "Mtu kakwama, asisaidiwe? Sheria gani hiyo?"

Basi akachuchumaa kando yangu. Wakati narudisha mnyororo, bado wa moto, akauliza kila kitu: kinakunywa nini, breki iko wapi, mbona tunazunguka na kurudi palepale. Nilimjibu huku nalia kwa hasira, na katika kujibu nikatulia. Nikakisukuma mwenyewe hadi njiani, nikamaliza wa mwisho. Kampala wakachukua kombe.

Baadaye akaomba kukikalia. Alikaza kanga, akashika usukani, nasi pamoja na vijana wa Kampala tukamsukuma uwanja mzima, yeye akipiga vigelegele. Aliposhuka akaniuliza, "Kwenu wanajua kuwa unaendesha kitu hiki?"

Nikamwambia kwamba ninyi huko nyumbani mnadhani nimekuja kuwapikia wenzangu. Akanitazama mpaka nikaona haya, nikaenda kununua kadi hii.

Mweleze Baba taratibu, Shangazi, akiwa ameshakula. Nakubusu mikono.

Mwanao, Mwajuma