Mashine Iliyosemekana Imemshinda Fabi

Kasulu, kiangazi cha 1999

Fabi,

Sijui marehemu anajuliwaje hali, kwa hiyo naanza na linaloniuma. Nakuonea wivu. Uko kaburini na bado nakuonea wivu. Juzi nilikuwa sokoni Kibondo, fundi saa mmoja akaniuliza mimi nani. Nikamwambia ni Zebedayo, fundi redio wa Kasulu. Hakunijua. Nikamwambia ni yule rafiki yake Fabiano wa kompyuta. Akasimama, akanipa kiti chake. Miaka kumi natengeneza redio huku, na kiti napewa kwa jina lako.

Mama yako karudi Nyakitonto kwa kaka yako. Analima maharage, na ukimwamkia kwa Kiswahili anakuitikia kwa Kirundi cha kwao. Ofisi yenu ya kambi ya wakimbizi ya Nduta imeleta mtu mwingine wa kompyuta, kijana wa Moshi. Wanasema anajua kazi, lakini. Wanaishia hapo hapo kwenye "lakini", na kila mtu anaelewa kuwa wanakusema wewe.

Nimekaa niandike habari ya gemu, maana hakuna mwingine ninayeweza kumwambia kabla ya Jumapili.

Unakumbuka ulivyokuja na ile sidii uliyopewa na mhandisi mgeni wa visima? Ukanieleza kwamba emuleta ni programu inayoifanya kompyuta ijifanye mashine ya gemu, zile za kuchomeka kwenye televisheni, ambazo mimi na wewe tulizijua kwa picha za magazeti tu. Yako ilikuwa kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi, imegeuka njano kama meno ya mvuta kiko. Yangu ni Pentiamu, mashine ya nguvu, niliyoachiwa na padre mgeni alipohamishwa. Nikasema moyoni, leo nimekupata. Lakini kwako wachezaji wa mpira wa kwenye gemu walikimbia, na kwangu walitembea kama watu wanaotoka kuzika. Muziki nao ulikuwa unakwamakwama. Jirani yangu Mwalimu Hamisi, mtu wa Lindi, mtu mzima mwenye familia, alikuwa anadandia lori la chakula mpaka Kibondo ili akacheze kwako, huku Pentiamu iko hatua ishirini kutoka mlangoni kwake.

Nikasingizia umeme. Nikawaambia watu kwamba pale chuo cha ufundi wakichomelea vyuma, jenereta yao tunayovutia umeme inabaki haina nguvu. Kukuuliza wewe unafanyaje, ningekufa kwanza. Ndivyo nilivyomwambia mke wangu, ningekufa kwanza. Na umetangulia wewe.

Jumamosi ile ulipokuja mara ya kwanza kuitengeneza, nilikuwa kibandani kwangu sokoni. Ulimkuta Skola. Kitu cha kwanza ukamwomba shemeji yako aondoe kitambaa chake cha kufuma juu ya kompyuta, ukamwambia mashine inavuta pumzi na yeye kaiziba pua. Akakiondoa, Fabi. Akakikunja, akaondoa na cha redio bila kuambiwa. Mimi nikigusa vile vitambaa nanuniwa wiki nzima. Halafu ukafunga saa, kalenda na madudu yote niliyokuwa nimeyawasha nyuma, ukatoka kwenye Windozi, ukaanzisha gemu kwenye kioo cheusi. Ukapunguza ukubwa wa picha na ubora wa sauti. Mwalimu Hamisi ananiigizia mpaka leo ulivyosema: "Hapa tunaruka picha moja moja, shemeji. Jicho halitajua."

Niliporudi, lori lako lilishaondoka. Sebuleni kulikuwa na watu saba na mpira ulikuwa unakwenda mbio. Skola akanipokea mfuko, akasema, "Fabi ana mikono." Mimi ndiye fundi wa nyumba ile. Mimi ndiye nina mikono.

Basi walipoondoka nikavuruga. Nikakuza picha ikajaa kioo, nikapandisha sauti, nikarudisha kila kitu kwenye Windozi. Nikamwambia Skola vumbi la kiangazi litaua mashine, arudishe kitambaa. Jumamosi iliyofuata wachezaji wakarudi kutembea, na Mwalimu Hamisi akasema dawa ya Fabi ni ya wiki moja. Ukaja tena, nikavuruga tena. Ya tatu nilikuwepo. Ulikaa mbele ya kioo chai ikapoa, ukarekebisha, ikaenda vizuri, ukaondoka umefurahi. Jioni hiyo hiyo nikavuruga. Ulipopata habari, ulikuja kibandani kwangu umeinamisha kichwa.

"Zebe, hii imenishinda, sha, ndugu yangu," ukasema. "Nisamehe."

Uliniomba msamaha wewe. Nami nikakujibu hakuna neno. Halafu ikaja homa, siku nne hospitali, basi.

Msibani Mwalimu Hamisi akasimulia kwamba duniani ni kompyuta moja tu iliyomshinda Fabiano, ya Zebedayo. Watu walicheka, hata mama yako alicheka. Na mimi nikajisikia vizuri. Nilikuwa nimekalia mkeka wa mama yako, msibani kwako, na nikajisikia vizuri. Sijui mimi ni mtu wa namna gani.

Wiki iliyopita Skola alikuwa kwaya. Nilirudisha kila kitu ulichokifanya, maana nakijua chote, nilikibomoa kwa mkono wangu. Gemu ikaenda mbio. Nikaizima. Ulikuwa unaendesha lile jikompyuta lako kwa akili, na mimi nilikuwa na mashine bora kuliko yako, nikaitumia kukuvunja moyo.

Jumapili tunakuja Nyakitonto kuondoa matanga. Unajua ilivyo, pombe ya ndizi ikishazunguka, kaka yako atauliza kama kuna mwenye dai au neno na marehemu, asimame aliseme mbele ya familia, kisha lisisemwe tena. Nitasimama. Nimejaribu kujiambia kuwa barua hii inatosha. Haitoshi, hii huisomi wala hawaisomi. Skola atakuwa amekaa pembeni yangu na hajui lolote, na namwogopa kuliko mama yako.

Nitawaambia uliitengeneza mara tatu na ikapona mara tatu. Najua watakachofanya. Watakusifu upya, na wivu utanishika pale pale nikiwa nimesimama. Wivu unishike tu, nitaendelea kusema.

Lala, ndugu yangu. Haikukushinda.

Zebe